Maswali na Majibu: Kutoka Ukumbini Hadi Kiti cha Meneja wa Kituo cha Mazoezi

Safu hii imepokea barua nyingi kutoka kwa watu wanaofanya kazi katika vituo vya mazoezi au wanaotamani kuingia humo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu hufikaje kwenye kiti cha meneja, na akishafika hukaaje? Tumechagua barua sita na kuzifupisha. Zile zilizoomba tupendekeze aina ya mashine za kununua tumeziweka kando.

Swali: Nimekuwa mwalimu wa mazoezi kwa miaka sita katika kituo kimoja. Wateja wangu wananipenda na ratiba yangu imejaa. Meneja wetu alipoondoka niliomba nafasi hiyo, lakini mwenye kituo akamchukua mtu aliyekuwa akisimamia hoteli, ambaye hawezi hata kuonyesha namna sahihi ya kuchuchumaa na chuma mabegani. Je, sikudhulumiwa?

Jibu: Ndugu mwalimu, uchungu wako unaeleweka, lakini kwa maelezo uliyoyatoa sioni dhuluma. Ulichokiomba hakikuwa ngazi ya juu ya kazi unayoifanya sasa, bali kazi nyingine inayofanyika ndani ya jengo lilelile. Mwalimu hupimwa kwa mtu aliye mbele yake: ameimarika, ameumia, atarudi wiki ijayo? Meneja hupimwa kwa watu ambao pengine hajawahi kuzungumza nao, yaani wale waliolipa mwezi uliopita na mwezi huu hawakuonekana. Mtu aliyesimamia hoteli huja na stadi ambazo mwenye mali huzitambua mara moja: kupanga zamu ili alfajiri na jioni, saa ambazo ukumbi hufurika, pasikosekane watu, kupokea malalamiko bila kuyageuza kuwa ugomvi, kusimamia usafi wa mabafu na vyumba vya kubadilishia nguo, ambao ukilegea hufukuza wanachama upesi kuliko mwalimu dhaifu, na kusoma taarifa ya mapato na matumizi bila kushikwa mkono. Namna ya kuchuchumaa mtamfundisha nyinyi wenyewe akitaka kujifunza.

Kuna hesabu moja ambayo kila anayeutaka umeneja anapaswa kuijua kama anavyolijua jina lake. Chukua kituo chenye wanachama 1,000, na kwa muda tuwaache kando wanaojiunga upya. Ikiwa kila mwezi wanaondoka asilimia 5 ya waliopo, baada ya miezi 12 watakuwa wamebaki takribani 540. Ikiwa wanaondoka asilimia 3, watabaki karibu 694. Tofauti hiyo ni zaidi ya watu 150 wanaoendelea kulipa ada bila tangazo jipya wala punguzo la bei. Ukiitazama hesabu hiyohiyo kwa upande wa pili, utaona kwamba katika kituo cha kwanza mwanachama hudumu kwa wastani wa miezi 20, na katika kituo cha pili miezi 33 hivi, ingawa mashine, kodi ya jengo na mishahara vinaweza kuwa sawasawa. Kazi ya meneja, kwa sehemu kubwa, ni kuivuta ile asilimia 5 kuelekea 3, na anayeweza kuonyesha kwa karatasi kwamba aliwahi kufanya hivyo, hata katika kona moja ndogo ya kituo, ana hoja nzito kuliko anayeonyesha picha za wateja waliopungua uzito.

Kwa hiyo nakushauri usiondoke kwa hasira. Mwombe meneja mpya akukabidhi eneo moja linalopimika. Ningechagua wanachama wapya, kwa sababu wiki za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu atajenga mazoea au atatoweka. Andika tarehe aliyojiunga kila mmoja, idadi ya siku alizohudhuria katika mwezi wa kwanza, nani alimpokea, na kama alipigiwa simu alipokosekana siku 10 mfululizo. Baada ya miezi 6 linganisha kundi ulilolishughulikia na kundi lililotangulia. Kama kuna nafuu, itaonekana. Na kama haipo, utakuwa umejifunza jambo ambalo walimu wengi hawalijui, kwamba kupendwa na wateja 20 hakuwazuii wengine 200 kuondoka kimyakimya.

Niongeze neno kuhusu wanachama waliolala, yaani wanaolipa kila mwezi bila kufika. Wapo wenye vituo wanaoagiza wasiamshwe, kwa hofu kwamba ujumbe wowote utawakumbusha kusitisha malipo. Mimi siafiki. Mtu huyo atakumbuka siku moja, na siku hiyo ataondoka akiamini kwamba aliibiwa, na hataficha imani hiyo mbele ya jamaa zake. Meneja anayempigia na kumpa njia ya kuanza upya, au hata kumsimamishia ada kwa miezi 2, anaweza kupoteza mapato kidogo sasa ili asipoteze jina la kituo baadaye.

Swali: Je, ni lazima niwe na shahada ili niwe meneja wa jimu? Nina cheti cha kufundisha mazoezi kutoka shirika la kimataifa na nilidhani kingetosha.

Jibu: Cheti chako kinathibitisha kwamba unaweza kumfundisha mtu kwa usalama, na hakithibitishi zaidi ya hapo. Mashirika yanayotambulika sana katika fani hii, kama vile ACE iliyoanzishwa mwaka 1985 na NASM iliyoanzishwa mwaka 1987, yote mawili ya Marekani, huhitaji mwalimu awe na cheti halali cha kufufua moyo na mapafu, na humtaka ahuishe cheti chake kila baada ya miaka 2 kwa kuonyesha masomo ya ziada. NSCA, iliyoanzishwa mwaka 1978, hutoa cheti cha wataalamu wa nguvu na utimamu wa wanamichezo ambacho mtahiniwa wake hutakiwa awe na shahada au awe anaikamilisha. Vyote hivi ni vizuri, lakini hakuna hata kimoja kinachokufundisha kupanga bajeti, kuandika mkataba wa ajira au kumwachisha mtu kazi kwa haki.

Shahada husaidia hasa unapoomba kazi katika kampuni zenye matawi mengi, hospitali, vyuo vikuu au hoteli, ambako maombi huchujwa na watu wasiokujua. Katika vituo vya watu binafsi nimeona mameneja wazuri wenye stashahada na hata wasiokuwa nayo. Kama fedha na muda vinakuruhusu kusoma jambo moja tu, nisingechagua cheti kingine cha mazoezi. Ningechagua kozi fupi ya uhasibu kwa wasio wahasibu, kisha nijizoeze kutumia jedwali la hesabu la kompyuta hadi niweze kulitengeneza mwenyewe kutoka ukurasa mtupu.

Swali: Mimi ni mhudumu wa mapokezi. Sifanyi mazoezi mazito na sina umbo la kuwekwa kwenye tangazo. Je, ninaweza kuota umeneja?

Jibu: Unaweza, dada, tena uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Wewe ndiye unayejua nani aliacha kuja, nani analalamikia kiyoyozi, nani anadaiwa na anasingizia mtandao, na mwalimu gani huchelewa kila Jumatatu. Wanachama wengi ni watu wa kawaida wanaoona haya kuingia ukumbini mara ya kwanza, na meneja asiye na misuli ya maonyesho mara nyingine huwatuliza kuliko yule aliyejaa vyuma kila pembe. Hata hivyo, jifunze mazoezi ya msingi na uhudhurie madarasa mara kwa mara, kwa sababu huwezi kuusimamia ukumbi unaouogopa. Halafu omba zamu ya kufungua au kufunga kituo, kwa kuwa anayeshika funguo, kufunga hesabu za siku na kukagua vyumba vyote kabla ya kuzima taa tayari anafanya sehemu ya kazi ya meneja, hata kama bado hajapewa jina lake.

Swali: Nimepandishwa kuwa meneja msaidizi juu ya walimu ambao hadi jana tulikuwa tukila pamoja. Nimegundua kwamba wawili kati yao huwachukua wanachama wetu na kuwafundisha nje, na mmoja huwatoza wateja fedha taslimu ndani ya ukumbi wetu bila kupitisha mapokezi. Nikinyamaza nitaonekana dhaifu. Nikisema nitaitwa msaliti.

Jibu: Hii ndiyo barua iliyonifikirisha kuliko nyingine zote, kwa sababu inagusa kidonda cha vituo vingi. Kwanza tenganisha mambo mawili uliyoyaandika kwa pumzi moja. Kumtoza mteja ndani ya ukumbi na kutia fedha mfukoni ni kuchukua mali ya mwajiri, na halina mjadala mrefu: andika tarehe ulizoshuhudia, umwite faraghani, umsikilize, kisha umpelekee meneja wako taarifa kwa maandishi. Usimwonye kwa utani jikoni mkinywa chai, maana onyo la utani huwa ushahidi kwamba ulijua ukanyamaza.

Kufundisha nje ni suala tofauti. Kabla ya kumlaumu mtu, soma mkataba wake. Je, ameajiriwa kwa mshahara, analipwa kamisheni kwa kila kipindi, au ni mtu huru anayelipa kodi ili autumie ukumbi? Aliyeajiriwa kwa mshahara anaweza kuwa amefungwa na kifungu cha kutochukua wateja. Anayelipa kodi ya ukumbi huenda ana haki ya kufundisha popote apendapo. Mahali pengi mkataba hauko, au upo na haujasomwa na yeyote tangu uliposainiwa, na hapo kosa ni la uongozi kabla halijawa la mwalimu. Jiulize pia kwa nini wanatoka. Kama kituo huchukua sehemu kubwa ya malipo ya mteja na kumwachia mwalimu kiasi kisichomwezesha kuishi, hata vitisho vya kila wiki havitawazuia. Pendekeza kwa wakuu wako kiwango cha kamisheni kinachopanda kadiri mwalimu anavyobakiza wateja wake kituoni, kisha kiandikwe na kisainiwe na wote, wakiwemo wale wawili.

Kuhusu urafiki, usijifanye mgeni kwao. Kaa na kila mmoja peke yake mapema, kabla ya kosa jingine, umweleze wazi kwamba zamu, malipo na nidhamu vitapimwa kwa kipimo kimoja kwa wote. Atakayekuita msaliti kwa hilo alikuwa akitegemea upendeleo, na ni afadhali umjue sasa. Jambo moja dogo lakini lenye uzito: usiwape marafiki zako saa nzuri za jioni ambazo ndizo zenye wateja wengi. Ratiba ndiyo fedha ya mwalimu, na wafanyakazi huisoma kwa makini kuliko hotuba yoyote.

Swali: Mwanachama wetu alianguka karibu na mashine ya kukimbilia na kwa dakika kadhaa kila mtu alisimama akishangaa. Alipona, lakini mimi kama meneja mpya sijalala vizuri tangu siku ile. Ni mambo gani hasa yaliyo mikononi mwangu?

Jibu: Mengi, na tushukuru kwamba alipona. Moyo unaposimama ghafla, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila mshtuko wa umeme hupunguza uwezekano wa kunusurika kwa asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo dakika zenu kadhaa za kushangaa zingeweza kuwa tofauti ya uhai na kifo. Kila zamu iwe na mtu aliyefunzwa kukandamiza kifua cha mtu mzima mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 lakini kisichozidi 6. Kifaa cha kushtua moyo kiwe mahali panapofikika bila kutafuta ufunguo, na betri yake ikaguliwe kwa ratiba iliyoandikwa. Fanyeni zoezi la dharura bila kutangaza siku, na katika zoezi hilo amueni kwa majina nani anapiga simu, nani anakandamiza kifua, nani anakimbilia kifaa na nani anasimama mlangoni kuwaongoza wahudumu wa gari la wagonjwa. Watu husimama wakishangaa pale ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye jukumu.

Upande wa kinga huanza siku ya kujiunga. Dodoso la afya lijulikanalo kama PAR-Q, lililobuniwa nchini Kanada katika miaka ya 1970, lina toleo jipya linaloanza na maswali 7 mafupi kuhusu moyo, shinikizo la damu, kizunguzungu, dawa, viungo na mengineyo. Kulijaza huchukua dakika chache. Tatizo ninaloliona ni kwamba fomu hujazwa, ikaingizwa kwenye faili, na mwalimu atakayemfundisha mtu huyo asiione kamwe. Yeyote aliyejibu ndiyo jina lake lifike kwa mwalimu kabla ya kipindi cha kwanza, na inapobidi apate kwanza ushauri wa daktari.

Kuna pia hatari inayotokana na bidii ya walimu wenyewe. Mtu aliyekaa miaka bila mazoezi akikamuliwa siku ya kwanza ili aonyeshwe kwamba fedha zake hazikupotea, misuli yake inaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga sumu kwenye damu na kuumiza figo. Dalili yake mojawapo ni mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokoza. Weka kanuni ya kituo kuhusu kiwango cha juu cha kipindi cha kwanza, na usikubali mwalimu ajivunie mteja aliyetapika.

Mengine ni ya ukaguzi wa kila siku: nafasi ya mita 2 nyuma ya mashine ya kukimbilia, joto la ukumbi kati ya nyuzi 20 na 22, kamba za mashine za kuvuta zisizokuwa na nyuzi zilizokatika, na daftari la matengenezo lenye tarehe na saini. Unaponunua vifaa, hakikisha vimetengenezwa kwa matumizi ya kibiashara. Viwango vya ISO 20957 hutofautisha vifaa vya kumbi za mazoezi na vile vya nyumbani, na wapo wauzaji wasiopenda kuulizwa swali hilo.

Swali: Nina miaka 41, ni mhasibu, na nimepata nafasi mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya meneja msaidizi katika kampuni kubwa ya jimu za bei nafuu zinazofunguliwa saa 24. Nyingine ni ya meneja kamili katika kituo kidogo cha mtu binafsi. Je, umri wangu ni kikwazo, na nichague ipi?

Jibu: Umri si kikwazo. Uhasibu wako ni mtaji ambao wenzako wengi hawana, kwa kuwa unajua tayari kwamba ada ya mwaka mzima iliyolipwa leo si faida ya leo, bali ni deni la huduma ya miezi 12 ijayo. Mwaka 2020, vituo vya mazoezi vilipofungwa katika nchi nyingi kwa sababu ya UVIKO-19, jambo hilo liligeuka kuwa la kufa na kupona: wanachama waliolipa mapema walitaka fedha zao au muda wao, na aliyekuwa amekwisha kuzitumia hakuwa na jibu.

Jimu za bei nafuu ni biashara yenye mantiki yake. Planet Fitness ilianza Marekani mwaka 1992 na McFit ikaanza Ujerumani mwaka 1997, na zote mbili zilijengwa juu ya ada ndogo, wanachama wengi na huduma chache za ziada. Katika kampuni ya namna hiyo utajifunza mifumo, takwimu na nidhamu ya gharama kwa haraka, lakini maamuzi ya bei na matangazo hufanywa makao makuu, na unaweza kukaa miaka bila kuamua jambo kubwa. Kituo kidogo kitakufundisha kila kitu, kuanzia kuzungumza na fundi bomba hadi kumtuliza mwanachama aliyekasirika, ila kitakutegemea hata siku unapoumwa, na mwenye mali anaweza kuingilia kila unalolipanga. Kwa mtu anayehamia fani hii akiwa na uzoefu wa fedha na asiye na uzoefu wa ukumbi, ningeelekea kwenye kituo kidogo, kwa sharti kwamba mwenyewe anakubali kukuonyesha vitabu vyake kabla hujaanza.

Katika usaili uliza ni wanachama wangapi waliondoka katika miezi 12 iliyopita, ni mameneja wangapi wamepita katika miaka 5, nani anaamua bei, na ni kiasi gani kimetengwa kwa matengenezo ya mashine. Mwenye kituo asiyeijua idadi ya walioondoka si lazima awe mbaya. Huenda ndiyo sababu anakuhitaji. Asiyetaka kukuambia ni wa kuepukwa. Uliza pia bonasi yako itapimwaje. Ikiwa inapimwa kwa mauzo mapya pekee, omba nusu yake ihamishiwe kwa wanachama ambao bado wanalipa baada ya miezi 6 tangu wajiunge, na jambo hilo liandikwe ndani ya mkataba kabla hujautia saini.